Naomba ushauri: kujifunza viumbe wa kinamasi cha pwani kupitia kamera

Ndugu zangu, kwa miezi miwili nimekuwa nikitazama kinamasi cha maji ya chumvi kupitia kamera inayorusha picha mubashara, na ingawa nafurahia, nahisi natazama sana kuliko ninavyojifunza. Mwanzoni nilifungua kamera saa ile ile kila siku, nikashangaa kuona leo matope yamejaa kaa wadogo, madume wakipunga gando lao moja kubwa, na wiki iliyofuata maji matupu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba huko maji hujaa kila baada ya takriban saa 12 na dakika 25, hivyo wakati wa kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Sasa nafuata jedwali la maji.

Wanaonishinda ni vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, ambao kwa umbali ule wote huonekana wa rangi moja ya udongo. Je, nitazame kwanza urefu wa mdomo, mwendo wao, au namna wanavyodokoa matope? Na kumbukumbu zangu nizipange kwa tarehe, au kwa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo), maana nashuku wageni wangu hufuata mwezi zaidi ya kalenda?