Watengenezaji wa magemu ya mapanga na uchawi, askari SI mpiganaji aliyevalishwa sare!

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye vichekesho, leo sina utani.

Wiki iliyopita nimenunua gemu (silitaji jina, msije mkasema napiga vita biashara ya watu). Siku mbili nalishusha, bando la mwezi limekwenda lote. Kilichonivuta ni maelezo yake: chagua upande wako, ufalme wenye askari au koo za milimani zenye wapiganaji. Nikasema hapa ndipo penyewe.

Vita ya kwanza nikachukua ufalme. Kuna daraja jembamba la mawe. Nikapanga askari 40 wa ngao, safu nne za watu kumi kumi, wapiga upinde nyuma. Nikabonyeza amri ya kutobanduka. Mara akatokea mtu wa milimani, mmoja tu, kirungu mkononi, akapita pembeni. Safu ya mbele yote ikamfuata! Watu kumi wenye sare za mfalme wanamkimbiza mmoja majanini kama watoto walioambiwa wakamate kuku wa mgeni. Daraja jeupe. Halafu wale wa koo, ambao ndio tungetegemea wawe na papara ya sifa, wakaja hatua moja, mstari umenyooka, utadhani gwaride la 9 Desemba.

Nikadhani kompyuta yangu ndiyo imechoka. Nikafungua takwimu. Askari: shambulizi 12, kinga 10. Mpiganaji: shambulizi 14, kinga 8. BASI. Tofauti nzima ndiyo hiyo, pamoja na manyoya kichwani.

Jamani, hata lugha yetu inalijua hili. Mlinzi wa geti tunamwita askari, na hajawahi kwenda vitani. Kwa nini? Ana zamu, ana mkubwa wake, ana mshahara, na akiacha geti kwenda kumalizia ugomvi wake binafsi kesho hana kazi. Mpiganaji wa ukoo hana zamu, ana jina. Anataka kesho nyimbo zimtaje yeye na babu yake. Ndiyo maana majigambo huanza na "mimi", na gwaride huanza na "kulia geuka".

Warumi wana kisa kinachomaliza ubishi. Titus Manlius, akiwa kijana, alipewa changamoto na Mgalia, mtu wa kabila adui, wapigane wawili. Akaenda kwanza kwa kamanda wake kuomba ruhusa, akapewa, akamuua jamaa, akamvua mkufu wa shingoni, na toka hapo akaitwa Torquatus, yaani mwenye mkufu. Miaka ikapita, mwaka 340 KK yeye ndiye konsuli, yaani kiongozi wa Roma na wa jeshi lake, ametoa amri asitoke mtu safuni kupigana kivyake. Mwanawe akachokozwa na adui, akatoka, akashinda, akarudi na silaha za marehemu mkononi akitegemea pongezi. Baba akaamuru akatwe kichwa mbele ya jeshi. Alishinda, lakini alipigana kama mpiganaji ndani ya jeshi la askari. Hebu nionesheni gemu moja la siku hizi ambalo ukimtuma mtu nje ya safu akashinda, bado unaadhibiwa.

Na siyo kwamba haiwezekani. Gemu la kompyuta Warcraft III ni la 2002! Footman, askari wa miguu wa upande wa binadamu, dhahabu 135; Grunt, jitu la vita la upande wa pili, dhahabu 200. Mmoja kwa mmoja Footman anachakazwa. Ila mfundishe kuinua ngao, anatembea polepole lakini mishale inamfanyia nusu tu ya madhara, ukipanga kundi unaona kabisa hii ni kazi ya watu waliofunzwa pamoja. Na wakulima unawaita wanakimbilia ukumbini, wanatoka mgambo kwa muda mfupi, kisha wanarudi kukata miti. Mkulima, mgambo, askari, jitu la vita: wote wanne hawafanani. Hata Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la 2014, "Soldier" (askari) si aina ya uwezo, ni maisha uliyotoka: ulikuwa na cheo, na askari wengine bado wanakitambua. Mtu alikaa akafikiri.

Sasa linaloniuma zaidi. Karibu kila gemu likileta watu wanaofanana na sisi, ni "wapiganaji". Mikuki, makelele, kukimbia ovyo. Wazungu ndio wanapewa vikosi na vyeo. Nani kawaambia? Wazulu wa Shaka vijana walikusanywa kwa rika kwenye amabutho, kila kikosi na rangi ya ngao zake, na kuoa ni mpaka mfalme aruhusu. Vitani kuna kifua, pembe mbili za kuzunguka, na akiba nyuma inayosubiri kuitwa. Tarehe 22 Januari 1879 pale Isandlwana, Afrika Kusini, mpango huo uliimeza kambi ya Waingereza wenye bunduki. Huko ni kukimbia ovyo? Katika gemu langu wangepewa shambulizi 14, kinga 8.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika "kuna mazimwi yanatema moto, wewe unalilia safu", nimekuelewa. Zimwi linatema moto toka sura ya kwanza hadi ya mwisho, halijawahi kuamka siku moja likatema uji. Mimi nataka askari naye awe na msimamo kama wa zimwi.

NYONGEZA 2: Nimeomba kurudishiwa hela. Wamejibu haiwezekani, nimeshacheza zaidi ya saa mbili. Kweli, nimecheza saa nne. Tatu kati ya hizo nilikuwa nawarudisha watu darajani.