Tupeane uzoefu: jina lako la Kiarabu ulipewa na nani, na lina maana gani?

Wanajamvi, naanza mimi. Naitwa Abdulrahman, mzaliwa wa South C, Nairobi. Babu mzaa baba ndiye aliyenichagulia, siku ya saba nikanyolewa na kuchinjiwa akika. Abd ni mja, mtumwa; ar-Rahman, Mwingi wa Rehema, ni katika yale majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana huniuma watu wakiniita Abdul. Abdul ni "mja wa", halafu kimya. Mja wa nani? Ukinikata upande wa pili ukaniita Rahman ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hilo ni la Mungu peke yake.

Kwenye kitambulisho, karani alilipasua: Abdul likawa la kwanza, Rahman la pili, la baba likasukumwa mwisho na la babu likaanguka kabisa. Kila nikienda benki nabeba na cheti cha kuzaliwa, naeleza upya. Hilo jina la babu ndilo linalonisikitisha kuliko yote, maana yeye ndiye aliyenipa langu. Haya, leteni yenu.

Eastleigh: Pole sana ndugu. Sisi Wasomali huandika Cabdiraxmaan. Hiyo C ni ayn ya Kiarabu, na X ni ile ha ya kooni. Ndivyo ilivyo tangu Somalia ichukue herufi za Kilatini mwaka 1972. Kaka yangu alizaliwa Mogadishu, pasipoti yake inasema Cali. Mimi nimezaliwa hapa, jina la baba nimeandikiwa Ali. Jaribu kumweleza afisa kwamba mmetoka tumbo moja.

Majengo, Pumwani: Mimi ni Khadija, maana yake aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Na kweli mama alinizaa mapema, nikiwa mdogo wa kutoshea kwenye viganja vya nyanya. Majirani wakamwambia abadilishe, jina lisije likanivuta kwenye unyonge. Nyanya akakataa katakata: Bi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka, na wanaume walisafiri na mali yake. Leo nina kibanda changu Gikomba. Nikifungua bandali la nguo alfajiri humtaja nyanya kwa dua.

Kawangware: Mnaruhusu Mkristo? Naitwa Juma, kwetu Bungoma, na Juma tumejaa. Baba alinipa jina la rafiki yake Mwislamu waliyefanya kazi naye reli. Huyo mzee alipofariki tulikwenda kuzika kama familia.

Makina, Kibera: Naomba ushauri. Mke wangu anatarajia mwezi wa Rajabu. Mzee anataka mtoto aitwe Rajabu, kwa kuwa kwetu Wanubi tuna akina Ramadhani na Shabani wa kila kizazi. Mimi moyo wangu uko kwa Abdallah.

Abdulrahman: Hongera kaka. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, majina yanayopendeza zaidi kwa Allah ni Abdallah na Abdulrahman. Ila usimvunje mzee moyo: Rajabu liwe la nyumbani, ndilo atakaloitiwa chakula. Na siku ya kuandikisha nenda mwenyewe, mtajie karani herufi moja moja, A-B-D-A-L-L-A-H, neno moja, usome kabla hajapiga muhuri.