Mnatunyonyoa kwa kibanio halafu mnaita elektrolisisi!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na utakuwa mrefu. Elektrolisisi ni kuingiza sindano nyembamba kwenye tundu la kila unywele na kupitisha umeme ili mzizi ufe, usiote tena. Watu wanaharibiwa nyuso kila siku huku wakitulizwa kwa "vumilia, ndivyo inavyokuwa". Hapana, sivyo inavyokuwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Sindano inaingia, mashine inalia pii, mhudumu anaushika unywele kwa kibanio na kuuvuta. Unang'ang'ania. Ngozi inanyanyuka kama kihema kidogo, unywele unachomoka ghafla, mteja anakunja uso. Kisha anaonyeshwa kile kibanio: "Umeuona mzizi? Huu haurudi tena."

Uongo mtupu. Chukua kibanio cha nyusi, nyonyoa unywele wowote ambao bado unakua, nao utatoka na kijivimbe cheusi chini na ala yake inayong'aa kama jeli. Hapo hakuna umeme wowote uliopita. Mzizi kwenye kibanio hauthibitishi kitu, maana kinachotakiwa kufa kinabaki ndani ya ngozi: ile papila inayoulisha unywele chini kabisa ya tundu, pamoja na seli za ukuta wa tundu zinazoweza kuuotesha upya. Zikibaki hai, subiri wiki kadhaa unywele uko palepale.

Kipimo ni mvuto. Unywele uliopigwa sawasawa unateleza, unatoka bila ngozi kunyanyuka na bila wewe kusikia kitu chochote kikivutwa. Ukibisha, mhudumu anarudisha sindano na kuongeza muda au mkondo wa umeme kidogo. Ukibisha tena anauacha hadi kikao kingine, hauvuti kwa nguvu ili meza ionekane imejaa nywele. Angalizo kwa wabishi: unywele uliokwisha maliza muda wake, wenye kirungu cheupe kikavu, huteleza hata bila umeme. Kwa hiyo mmoja mmoja kuteleza si hoja. Lakini nywele nyeusi zenye mizizi minene zikivutwa moja baada ya nyingine na zote zikauma wakati wa kutoka, hapo umelipia kunyonyolewa.

Sasa hesabu, kwa sababu wengi wanategemea kwamba mteja hajui hesabu. Katika njia ya galvaniki, moja kati ya tatu zilizopo, mkondo wa umeme wa moja kwa moja hugeuza chumvi na maji vilivyomo ndani ya tundu kuwa kostiki soda, hiihii ya kutengenezea sabuni, nayo ndiyo inayoyeyusha mzizi. Kiasi chake hupimwa kwa yuniti: miliampia 0.1 kwa sekunde 1 ni yuniti 1. Malaika, vile vinyweleo laini vya mdomo wa juu, wanahitaji yuniti kama 15. Unywele mnene wa kidevu unaweza kufika 80. Mashine ikiwekwa miliampia 0.5, yuniti 80 ni sekunde 16 kwa unywele mmoja. Sasa mtu anakaa sekunde 2 kwenye ndevu na kuhama! Hizo ni yuniti 10, hata malaika hazimtoshi.

Msimrukie kila anayefanya haraka, lakini. Themolisisi haitumii kostiki, inatumia mawimbi ya masafa ya juu, mara nyingi megahezi 13.56 au 27.12, yanayoichemsha tishu iliyo karibu na sindano. Hiyo inaweza kumaliza kazi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Blendi inachanganya vyote viwili, na joto huifanya kostiki ile iume zaidi, kwa hiyo sekunde zinapungua. Basi swali la kwanza ukilala kitandani ni: unatumia njia gani? Asiyeweza kujibu kwa neno moja, amka uvae viatu.

Na kuna mtego mzuri wa kumnasa mwongo. Mkondo wa moja kwa moja hauendi popote bila mzunguko kukamilika, ndiyo maana kwenye galvaniki na blendi mteja hushikishwa fimbo ya chuma, mara nyingi imeviringishwa sponji yenye maji, au hulazwa juu ya pedi. Ukiambiwa ni blendi na wewe hujashika wala hujagusa kitu chochote kilichounganishwa na mashine, ujue unapigwa themolisisi peke yake. Fimbo ikikudondoka katikati ya kazi, ule unywele haukupata kostiki. Tena fimbo lazima iwe upande wa chanya na sindano upande wa hasi. Asiyejua akazigeuza anatengeneza asidi kwenye sindano badala ya kostiki, na chembe za chuma zinaweza kuingia kwenye ngozi na kuacha doa jeusi kama chale. Hilo ni kosa la waya mbili tu, jamani.

Makovu nayo. Sababu kubwa ni kina, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Sindano inatakiwa ifuate mwelekeo wa unywele, ipite pembeni yake ndani ya tundu lilelile, huku vidole vimeivuta ngozi ikanyooka, na ishuke hadi chini bila kulazimishwa. Ngozi ikibonyea mbele ya sindano, au ukisikia mchomo kabla umeme haujawashwa, sindano imetoka njiani, ichomolewe. Ikiishia juu, joto lote linabaki kwenye ngozi ya juu: utaona duara jeupe likizunguka tundu papo hapo, baadaye kigaga kikubwa, baadaye shimo. Ikipitiliza, damu inatoka na mzizi haujaguswa. Unene wake pia ni kazi. Namba za sindano ni maelfu ya inchi: namba 3 ni kama milimita 0.08, namba 5 ni kama 0.13, na inatakiwa ikaribiane na unene wa unywele. Sindano nyembamba kwenye ndevu nene hukusanya joto kali sehemu ndogo, na huo ndio mwanzo wa vidonda. Mtu ana namba moja tu ya sindano kwa malaika na kwa kidevu, halafu anashangaa?

Kwa ngozi nyeusi kosa dogo linaonekana mara mbili. Kila jeraha linaweza kuacha baka jeusi la miezi, na mwenye asili ya makovu ya kuvimba anatakiwa aulizwe kabla, ajaribiwe eneo dogo lililojificha, asubiriwe. Uwekundu, vijivimbe vya saa chache na vigaga vidogo kama kichwa cha pini ni kawaida, usivibandue. Malengelenge, usaha na mashimo si kawaida hata siku moja, na "ngozi yako ni laini" si jibu.

Usafi sitaurefusha: sindano isiyo na vijidudu, ifunguliwe mbele yako, iishie kwenye boksi la kutupia vitu vyenye ncha kali. Anayesema "nimeifuta na spiriti", ondoka.

Kinachouma zaidi ni kwamba njia yenyewe ni nzuri. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inakubali elektrolisisi iitwe uondoaji wa kudumu, wakati leza wanaiita upunguzaji wa kudumu tu. Inaua hata mvi, ambazo leza haizioni. Na haikuanza jana hadi mtu aseme bado tunajifunza: daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis aliandika kuihusu mwaka 1875, akitibu kope zinazoota kuelekea kwenye jicho. Kwenye kope kwa sindano, miaka hiyo, nyinyi kidevu kinawashinda!

NYONGEZA, kwa waliouliza huko chini:

Nywele kuonekana siku tatu nne baada ya kikao si lazima mhudumu awe amekosea. Wakati wowote sehemu ya matundu yamelala, na nyingine zilikuwa njiani chini ya ngozi. Ndiyo sababu eneo moja la uso huchukua mwaka mmoja hadi miwili ya kurudi. Mlalamikie kama eneo haliendi likipungua miezi inavyopita. Na wewe usinyonyoe wala kupiga waksi katikati, unamwondolea unywele wa kufuata na unapinda njia ya sindano. Nyoa kwa wembe, kisha acha siku chache zifike milimita 2 hivi.

Mwenye PCOS, ule ugonjwa wa homoni na ovari kwa wanawake: homoni zinaweza kuamsha matundu mapya hata yale yaliyouawa yakibaki yamekufa. Mhudumu mwaminifu anakwambia hilo siku ya kwanza, na kukuelekeza kwa daktari. Mwenye kifaa kilichopandikizwa mwilini cha kuendesha mapigo ya moyo asiguse fimbo ile kabla daktari wake hajasema.

Na yule anayeuza "kibanio cha umeme", hakuna sindano, hakuna maumivu: unywele haupitishi umeme wa maana. Mkondo hauteremki kwenye mzizi kwa kuushika unywele nje. Unachouza ni kibanio chenye betri.