Naomba ushauri: kaka kaniandika "attorney" wake, mnunuzi wa kiwanja kagoma

Wakuu, salaam. Niko Buswelu, Mwanza. Kaka yangu yuko Chicago, anauza kiwanja chake cha Kisesa, wilayani Magu. Kanitumia hati ya uwakilishi yenye muhuri wa nothari (ofisa anayethibitisha sahihi kwenye hati) wa hukohuko, inasema mimi ni "attorney" wake. Mnunuzi, mzee wa dagaa pale Kirumba, kaisoma, kaipindua nyuma, kaniuliza: "Wewe umekuwa wakili tangu lini?"

Nimemweleza kwamba neno hilo Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha zamani, maana yake mtu aliyeteuliwa kusimama badala ya mwenzake. Marekani wakili yeyote huitwa hivyo. Uingereza cheo hicho kilimezwa na masolisita (mawakili wa kuandaa hati na kushauri wateja) kwa sheria ya 1873, na wanaotetea kesi mahakama za juu ni hasa mabarista ("barristers", mawakili wa mahakamani). Huku kwetu wakili ni wa aina moja tu, asubuhi anaandika mkataba, mchana yuko Mahakama Kuu. Ila hati ya uwakilishi hata mvuvi anaweza kupewa, ilimradi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Mzee kanisikiliza, kisha akasema nimlete wakili. Simlaumu, matapeli wa viwanja wamejaa.

Sasa wajuzi, muhuri wa nothari wa Marekani unatosha, au hati ipite kwanza ubalozi wetu Washington? Na kuisajili, naanzia kwa Msajili wa Hati hapa mjini au halmashauri ya Magu? Aliyewahi kupitia hili aniambie na gharama zake. Mzee kanipa hadi mwisho wa mwezi.