Oili mbili za 15W-40 kwa 1HZ: nilinganishe namba zipi?

Sampu_Ihumwa

Mbukwenyi wakuu. Kuna Land Cruiser mbili za 1HZ (injini ya dizeli ya Toyota) zinazopiga Dodoma, Mvumi na Mpwapwa, sehemu kubwa vumbi. Nina karatasi za vipimo za oili mbili, zote 15W-40.

A: API CI-4 (daraja la ubora la taasisi ya mafuta ya Marekani), mnato 14.5 cSt kwenye 100°C na 109 kwenye 40°C, TBN 10.5 (akiba ya alkali ya kuua asidi), majivu ya salfeti 1.4%, inashika moto 236°C.
B: API CK-4, mnato 15.1 na 115, TBN 10.0, majivu 1.0%, inashika moto 228°C.

B ni ghali zaidi, ila kwa macho yangu A inaishinda kwenye TBN na kwenye moto. Nakosea wapi? Na nikipeleka oili iliyotumika maabara, nisome nini?

mnato_40

Mkuu, joto la kushika moto lisikusumbue. Tofauti ya 8°C kwa oili mpya haisemi lolote kuhusu ulinzi. Kazi yake iko kwenye oili iliyotumika: likishuka sana, dizeli inaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Mnato nao ni sare. SAE J300, kiwango cha madaraja ya mnato, inaitaka 15W-40 iwe kati ya 12.5 na chini kidogo ya 16.3 kwenye 100°C, na zote zimo. Hiyo 15W hupimwa kwa kifaa kinachoiga kuzungusha injini kwenye −20°C, baridi ambayo Dodoma haijui hata Julai.

TBN ndiyo yenye mtego. Karatasi za oili mpya kwa kawaida hutumia njia ya kupima iitwayo ASTM D2896, ambayo huhesabu hata alkali dhaifu za visambaza masizi. Maabara nyingi hupima oili iliyotumika kwa D4739, ambayo hutoa namba ndogo zaidi. Ukichukua 10.0 ya karatasi ukaiweka kando ya 6 ya maabara bila kuuliza kipimo, utadhani oili imekufa kumbe bado. Tazama pia majivu: yanatokana na kalsiamu na magnesiamu za sabuni ya oili. B ina majivu kidogo lakini TBN karibu sawa, kwa hiyo huenda sehemu ya alkali yake ni ile dhaifu. Kwa D4739 pengo lao linaweza kuongezeka, na A ikawa mbele kweli.

CK-4 (2016) ilibanwa majivu yasizidi 1.0% ili kulinda vichujio vya moshi. 1HZ haina kichujio hicho. CI-4 (2002) inaitosha kabisa. B inakupa ustahimilivu zaidi wa joto na oksijeni, faida inayoonekana ukirefusha kilomita za kubadili oili. Ukimwaga kila 5,000, sioni sababu ya kulipia tofauti.

gereji_kizota

Naongezea upande wa sampuli, maana huko ndiko watu wanaharibu.

Chukua injini ikiwa moto, mara tu baada ya safari. Ukiwa na pampu ndogo ya kuvuta, pitisha mpira mpya kwenye tundu la dipstiki, mwisho wake usiguse chini ya sampu. Ukikosa pampu, fungua nati ya kumwagia, acha kama lita moja itoke kwanza, kisha kinga mililita 100 hadi 120. Chupa iwe mpya na kavu. Ya maji ya kunywa huacha matone, halafu unaambiwa gasketi imekufa. Andika kilomita za injini, kilomita za oili na lita ulizoongeza njiani.

Peleka pia sampuli ya oili mpya kutoka dumu lilelile. Bila hiyo hutajua silikoni ipi ni vumbi na ipi ni dawa ya kuzuia povu iliyokuja na oili.

Kusoma: usilinganishe ppm (sehemu kwa milioni) mbichi. Chuma 42 kwa km 5,000 ni 8.4 kwa kila elfu. Chuma 60 kwa km 8,000 ni 7.5. Hiyo ya pili ndiyo nafuu, ingawa namba ni kubwa. Na gari iliyoongezewa lita 2 ina metali zilizopunguzwa makali na TBN iliyopigwa jeki, hesabu hiyo isikupumbaze.

Sasa vumbi. Silikoni na alumini zikipanda pamoja, vumbi limeingia. Chuma na kromiamu hufuata, maana silinda na ringi zinasagwa. Silikoni ikipanda peke yake baada ya kubadili gasketi, mara nyingi ni gundi. Gari moja ikiwa na silikoni 50 na nyingine 12, hulinganishi oili tena, unalinganisha eya klina. Kaza klipu za mpira wa hewa kwanza, na acheni kupuliza kichujio kwa kompresa ya nguvu, karatasi inatoboka.

zinki_na_risasi

Sodiamu na potasiamu zikipanda: maji ya rejeta. Risasi na shaba: metali za krenki. Mnato ukishuka chini ya 12.5, angalia joto la kushika moto. Likishuka pia, nozeli zinavuja, lisiposhuka, polima za oili zimekatika. Mnato ukipita 16.3, masizi au oili imeungua.

Kingine: mashine ya kusoma elementi haioni vipande vikubwa kuliko mikroni 5 hadi 10 hivi. Beringi inayomeguka inaweza kuleta ripoti safi. Kata filta ya oili, kunjua karatasi yake, angalia kwa macho.

Na pima oili mpya hata kama huna mpango wa kulinganisha. Ya kuchakachua inaweza kuwa na mnato sahihi kabisa, kwa sababu kuifanya nzito ni rahisi. Zinki ndiyo huumbua: oili ya dizeli ya daraja hili huwa na takriban ppm 1,000 hadi 1,300. Ukikuta 200 kwenye dumu lililoandikwa CI-4, rudisha dukani.

Sampu_Ihumwa

Shukrani wakuu. Karatasi ya A haijaandika HTHS (mnato oili ikiwa na joto kali na kusuguliwa kwa kasi). Niiache?

mnato_40

Hapana. Ikiwa kweli ni 15W-40, J300 inailazimisha iwe angalau 3.7 kwenye 150°C. Waombe wauzaji namba kamili, na kwenye orodha ya API mtandaoni tafuta jina la oili pamoja na daraja lake. Kama haimo, hiyo CI-4 ya kwenye dumu ni neno la muuzaji tu.