Mjadala: Jupyter ya skuli ikae kwenye seva ya darasani, seva ya kukodi, au kila kompyuta ijitegemee?

Mtoa hoja, Chake Chake

Assalaam alaykum. Wanaojitolea kufundisha Python, lugha ya kuandikia programu, katika skuli za Pemba wana njia tatu za kuweka Jupyter, programu ya kuandika na kuendesha Python ndani ya kivinjari: kusakinisha kwenye kila kompyuta, kukodi seva ng'ambo, au kuweka seva moja darasani. Mimi nashikilia hiyo ya tatu, na atakayepinga naomba apinge kwa hesabu.

Ipo The Littlest JupyterHub, inayotunzwa na jamii ya Jupyter yenyewe kwa ajili ya mashine moja na watumiaji wasiozidi 100 hivi. Inataka Ubuntu (mfumo endeshi wa jamii ya Linux) iliyowekwa upya, na intaneti siku ya kusakinisha. Baada ya hapo ni amri moja tu. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, hukadiriwa hivi: idadi ya watakaoingia kwa pamoja, mara kiwango cha kila mmoja, ongeza megabaiti 128. Wanafunzi 20 kwa megabaiti 512 ni megabaiti 10,368, basi kompyuta ya mezani yenye gigabaiti 16 inawatosha. Wao wanafungua kivinjari na kuandika anwani ya seva, mathalani 192.168.1.10. Hata kompyuta kuukuu zinafaa, maana kazi yote inafanyika kwenye seva, na intaneti ikikatika somo linaendelea.

Kinachowaangusha wengi ni kusahau mipaka. Programu hii ikishawekwa haimwekei mtumiaji kikomo chochote cha RAM. Mtoto mmoja akiandika kitanzi (amri zinazojirudia) kinachorefusha orodha bila kusimama, darasa zima linaganda. Andika `sudo tljh-config set limits.memory 512M`, kisha `sudo tljh-config reload`. Waliokwisha kuingia wazimiwe vipindi vyao na waingie upya, la sivyo kikomo kipya hakiwagusi.

Wete

Maalim, hesabu nimezikubali, ila umeme umeuruka. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na sisi Pemba kebo ya kutoka Tanga tumeipata 2010. Tuseme hayo yamepita. Bado kuna huku kukatika kwa dakika mbili tatu. Seva ikizimika, wote 20 wametoka. Laptopu kila moja ina betri yake. Na kusakinisha bila intaneti kunawezekana kwa pip, programu inayoweka vifurushi vya Python: `pip download notebook pandas matplotlib -d vifurushi`, unabeba fleshi, kule unaandika `pip install --no-index --find-links vifurushi notebook pandas matplotlib`.

Chake Chake

Fleshi hiyo inafanya kazi pale tu mashine zinapofanana. Faili lenye `cp310` katika jina lake ni la Python 3.10, peleka kwenye kompyuta yenye 3.12, pip inakwambia haikuona kitu. Ukipakua kwenye Linux, kwa Windows halifai. Na ukikuta Windows 7, ambazo bado zipo, Python ya mwisho kuikubali ni 3.8. Kompyuta 20 za msaada, kila moja na hali yake: hiyo ni wiki ya kusakinisha, si ya kufundisha.

Umeme, haki yako. Weka UPS, ile betri ya akiba, lakini ihudumie seva pamoja na swichi na rauta. Wengi wanaikumbuka seva tu, mtandao unakufa seva ikiwa hai. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, washa ule mpangilio wa mashine kujiwasha umeme ukirudi. Jupyter inahifadhi yenyewe kila sekunde 120, basi kinachopotea ni maandishi ya dakika mbili, na vigeu vilivyokuwa kwenye kumbukumbu. Mwanafunzi anaendesha upya seli zote, yaani vipande vya msimbo, tangu juu.

Mjini, Unguja

Seva ya kukodi ina faida moja kubwa: mtoto anafanya kazi hata akiwa nyumbani. Cheti cha HTTPS, yaani cha mawasiliano salama ya tovuti, ni cha bure kwa Let's Encrypt, mradi una jina la kikoa na milango ya mtandao 80 na 443 iko wazi. Lakini malipo ni ya kadi kila mwezi. Kadi ya mtu wa kujitolea ikikwama, darasa nalo linakwama.

Micheweni

Kwa nini msitumie JupyterLite? Python inaendeshwa ndani ya kivinjari, seva inatoa mafaili tu.

Chake Chake

Jaribu kusoma faili la bei za karafuu kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, kupitia `http://192.168.1.10`. Litagoma. JupyterLite hulifikia faili kwa kutumia sehemu ya kivinjari inayoruhusiwa kwenye HTTPS au localhost (kompyuta ileile) tu. Isitoshe kazi inabaki ndani ya kivinjari: anayekuja zamu ya mchana akifuta historia, ya mwenzake imekwenda.

Wete

Basi nijibu hili, ndilo linaloniuma. Aliyesakinisha akirudi Dar, nani ana nenosiri la msimamizi? Amri moja ni nyepesi kwake yeye. Mwalimu aliyebaki hajui hata kumrudishia mtoto aliyesahau nenosiri lake.

Chake Chake

Hapo umenishika. Nenosiri hurudishwa hivi: msimamizi amfute mtumiaji kwenye ukurasa wa usimamizi, amwongeze tena kwa jina lilelile. Mafaili yake yanabaki salama ndani ya `/home/jupyter-jina`. Kisha mtoto aingie papo hapo, kwa sababu anayetangulia kuingia kwa jina hilo ndiye anayeweka nenosiri. Nashauri wasimamizi wawe wawili, mmoja mwajiriwa wa skuli, na `/home` inakiliwe kila Ijumaa kwenye diski ya nje.

Wete

Ongeza sharti moja: huyo mwajiriwa aifute Ubuntu na kuisakinisha seva yote kwa mikono yake, mwenzake akiwa amekaa pembeni bila kugusa kibodi. Akishindwa, seva isikabidhiwe. Bila sharti hilo mimi nabaki na laptopu zangu.