Naomba ushauri: mawasiliano ya ubongo mtu akiongea, majibu hayajirudii

Wakuu, habari zenu. Niko kwenye tasnifu ya uzamili na nimekwama. Nina data za MRI (picha za ubongo) za watu 20 waliopimwa mara mbili, wiki mbili katikati, wakitaja majina ya picha kwa sauti. Nataka kuona kama uhusiano (yaani shughuli kupanda na kushuka pamoja) wa eneo la Broca, sehemu ya ubongo ya kutamka maneno, na maeneo mengine ya lugha unatoka vilevile siku zote mbili.

Hautoki. ICC (kipimo cha jinsi majibu ya siku mbili yanavyolingana) nyingi ziko chini ya 0.4, yaani dhaifu. Kuna mshiriki mmoja, siku ya kwanza Broca na Wernicke (eneo la kuelewa lugha) ni chanda na pete, siku ya pili utadhani hawajuani!

Mchawi nahisi ni taya. Mtu akisema "kikombe" kichwa nacho kinacheza, na mtikisiko huo hukuza uhusiano wa maeneo jirani na kupunguza wa yaliyo mbali. Nikitupa picha za ubongo zilizotikisika nabaki na dakika 5, na data fupi nazo huyumbisha majibu.

Msimamizi anataka wataje kimoyomoyo. Sasa nitajuaje kama wametaja kweli? Aliyepita njia hii, nipime wastani wa mtandao mzima wa maeneo ya lugha badala ya uhusiano wa maeneo mawili mawili, au nirudi kuwapima upya kwa muda mrefu zaidi?